Dere, makanga na karatasi yangu ya mazoezi

Huyu nitamuita Dere tu, ndivyo kila mtu pale steji anavyomuita. Ana miaka 49, anaendesha matatu ya watu 14 kati ya Kisumu na Kakamega, na ameshika usukani tangu kabla ya zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, enzi watu walikuwa wanakaliana wanne wanne kwa kiti na mkanda ni ule wa suruali peke yake. Mimi ni fizio, mtu wa tiba ya viungo. Kisa nakiandika kwa ruhusa yake, na sharti alilonipa ni moja, nisiseme ni gari gani.

Alikuja kliniki mwezi wa sita mwaka jana na hakuja juu ya mazoezi, alikuja juu ya mgongo. Uchungu unaanza kiunoni unashuka tako la kushoto, akikanyaga klachi unazidi, akifika Mbale anaendesha ameegemea upande mmoja kama mtu anachungulia dirisha la jirani. Klinikal ofisa alikuwa ashampima presha akapata 162/98, akaniandikia kwa fomu maneno mawili, "aanze mazoezi". Basi. Nikampima uzito, kilo 94. Nikamwambia akae na kusimama kwa kiti sekunde 30 bila kushika popote, akafanya mara 11 akaanza kutafuta ukuta na macho.

Halafu nikafanya kitu ambacho sai kinaniaibisha kidogo. Nikatoa karatasi. Hizo karatasi tuko nazo rundo zima kwa droo: tembea haraka dakika 45 siku tatu kwa wiki, nyoosha mgongo dakika 20 asubuhi na 20 jioni, na picha za mzungu amevaa kaptura analala chali kwa mkeka. Dere akaikunja mara nne, akasema "asante daktari" (mwenye koti jeupe ni daktari, nishachoka kurekebisha watu), na mimi nikaita mgonjwa mwingine.

Mwezi wa nane akarudi na mgongo ule ule na presha ile ile, tofauti ya namba moja mbili tu.

"Ile karatasi iko wapi mzee?"

"Iko kwa gari daktari, siwezi tupa karatasi ya hospitali."

Sijui ni nini kilinisukuma, kawaida singetoka, lakini siku hiyo hakukuwa na watu nikamfuata hadi nje. Makanga alikuwa ameketi kwa ngazi ya mlango anakula njugu. Dere akafungua, akashusha kile kibao cha kuzuia jua juu ya usukani, na vitu vikamwagika kwa kiti: risiti za mafuta, picha ya mtoto na gauni la kuhitimu nasari, na karatasi yangu. Mzungu wangu wa kaptura hakuwa ameguswa. Lakini nyuma ya karatasi ilikuwa imejaa. Kwa kalamu ya bluu, laini kwa laini: J3 omena 6, ndizi 9, viazi 2. J4 omena 4, ndizi 11. J5 ndizi 7, kuku 1 kikapu. Ilikuwa hesabu ya mizigo, magunia ya omena, wale dagaa wa ziwa, yanayopanda kwenda Kakamega na mikungu ya ndizi ya kina mama wa Maragoli inayoshuka kuja Kisumu, hapo ndipo yeye na makanga wanagawana pesa ya mzigo jioni.

Nikamuuliza, "Na nani anapakia?"

Akacheka, akaonyesha makanga kwa mdomo.

Hapo ndio kisa chenyewe kinaanza kwangu. Nilikuwa nimempa karatasi inayosema "tafuta dakika 45" mtu ambaye hana, na upande wa nyuma yeye mwenyewe ameniandikia mahali dakika zake ziko, mimi hata sikuwa nimewahi kumuuliza siku yake inakaaje.

Kwa hivyo nikamuuliza, na nawaambia mafizio wenzangu hili swali lina faida kuliko nusu ya vipimo vyetu. Anaamka saa kumi alfajiri. Saa kumi na moja yuko kwa laini, yaani foleni ya magari yanayongoja kujaa, anatoka na watu wa kwanza, Kondele, Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Khayega, Kakamega, kama kilomita 50. Anangoja laini Kakamega, anarudi. Tripu tatu kwenda na kurudi siku ikiwa nzuri, saa mbili usiku anapeleka gari parking. Mimi nilidhani tatizo ni kuendesha. Kumbe kuendesha kwenyewe ni kama masaa saba hivi, na kuna masaa mengine matatu au manne anangoja gari ijae, na hayo pia anayakaa pale pale kwa usukani! Kwa nini? Juu gari ya mbele ikitoka inabidi usonge, na ukichelewa kusonga mwingine anaingiza bumper na vita vinaanza. Basi amekaa, anasonga mita tano, amekaa, anakunywa soda. Wakati huo makanga anaita watu, anapanda keria, anashuka, anakimbiza mama mwenye mkungu asiingie gari ya wenyewe, anaruka gari ikienda. Gari ni moja na masaa ni yale yale, ila huyu kijana mwili wake unafanya kazi siku nzima na Dere anakanyaga pedali tu.

Kuna mtu aliona hii kitu kabla yetu sote. Daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, mwaka wa 1953 alichapisha kwa jarida la The Lancet hesabu za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, ngazi kama 500 hadi 750 kwa siku moja ya kazi. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua haikuwaua haraka vile. Mshahara unakaribiana, mji ni mmoja, hata basi ni moja. Mimi nampenda Morris kwa kitu kingine zaidi: 1956 wenzake na yeye walirudi wakaangalia saizi za yunifomu, wakakuta suruali za madereva ni pana kiunoni kuliko za makondakta, hata kwa vijana. Maana yake pengine wenye viuno vipana walikuwa wanachagua udereva tangu mwanzo, basi sio ngazi peke yake zilizoleta tofauti. Alijipinga mwenyewe hadharani, kitu adimu. Nilimsimulia Dere hiyo ya suruali akacheka hadi akashika mgongo, akaniambia mshipi wake umetobolewa matundu mawili mapya na fundi viatu wa pale steji.

Sasa, mbona mimi sikufikiria hivi mwezi wa sita? Kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba mazoezi ya chini ya dakika kumi mfululizo hayahesabiki. Na ilikuwa kweli kwa vitabu vya wakati huo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 ulisema kila kipande kifike angalau dakika 10. Mwongozo wa 2020 ukaondoa hilo sharti. Lengo la wiki likabaki, dakika 150 hadi 300 za wastani au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na kazi ya misuli siku mbili au zaidi, lakini vipande vinaweza kuwa vifupi vyovyote vile, vyote vinaingia kwa hesabu. Nilikuwa nimeusoma huo mwongozo, haki ya Mungu nilikuwa nimeusoma, ila karatasi za kwa droo zilikuwa za zamani na mkono unachukua kilichoko karibu.

Halafu 2022 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza ambao walisema hawafanyi mazoezi kabisa, na matembezi ya kujipumzisha hayazidi mara moja kwa wiki. Walivalishwa kifaa mkononi kikapima wanavyosogea, wakafuatiliwa karibu miaka saba. Wale ambao siku yao ya kawaida ilikuwa na vipande kama vitatu vya dakika moja au mbili za kuhema kweli kweli, kukimbilia basi, kupanda mlima na mzigo, vitu kama hivyo, hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 38 hadi 40 ukilinganisha na wasio na kipande hata kimoja. Tusidanganyane, hiyo haithibitishi kwamba kukimbilia basi ndio kuliwaokoa. Anayeweza kukimbilia basi tayari ana afya ya kukimbilia basi. Lakini kwa mtu kama Dere, ambaye mbadala wake ni sufuri, mimi hiyo ilinitosha kujaribu.

Jaribio la kwanza lilikufa ndani ya siku tatu na ni kosa langu tena. Nilimwekea alamu kwa simu, kila saa moja, ashuke atembee. Alamu ya kwanza ililia akiwa kwa mteremko wa Kiboswa na lori mbele yake, ya pili akiwa anaongea na polisi wa trafiki, ya tatu akaizima na akazima zote. Akaniambia kwa simu, bila hasira, "Nyathina, saa ya gari sio saa ya ukuta." Nyathina ni mtoto wangu kwa Kijaluo, na akikuita hivyo ujue anakukanya polepole.

Tukaacha saa. Tukachukua vitu vinavyotokea kila siku atake asitake, tukavifunga na mwili.

Cha kwanza laini. Gari ikifika nafasi ya nne kutoka mbele, makanga anakaa kwa usukani kuisongesha (ana leseni, niliuliza) na Dere anatembea hadi mwisho wa steji na kurudi, dakika mbili tatu, kwa kasi ya mtu ameitwa nyumbani kuna mgeni. Kipimo ni mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni ya wastani, ukipata maneno matatu manne tu kisha uvute hewa, hapo umeingia ya nguvu. Yeye tulianzia ya wastani wiki tatu, kwa sababu ya presha, na mimi mtu akiwa na 180/110 na kuenda juu simuanzishi kitu, namrudisha kwa daktari kwanza. Na maumivu ya kifua au kizunguzungu, unasimama hapo hapo hata kama abiria wanaita.

Cha pili mizigo. Gunia moja moja, zamu: la makanga, la Dere, la makanga, la Dere. Omena ni jepesi kwa ukubwa wake, ndio tukaanza nalo. Hapa nilimfundisha steji, mbele ya watu: gunia karibu na tumbo, piga magoti, na pumua nje ukiinua. Alikuwa anabana pumzi hadi mishipa ya shingo inatoka, na kubana pumzi huku unainua ndio njia ya haraka ya kurusha presha juu, ukiwa na 160 tayari hutaki hiyo. Mara nne tano nikamwambia "pumua mzee, pumua", hadi kamagera mmoja, wale vijana wa kuita abiria steji, akaanza kuniiga, na sai ukipita pale utasikia vijana wakiambiana "pumua mzee" na hawajui ilitoka wapi.

Cha tatu chakula. Mchana anakula Kakamega, ugali mkubwa na matumbo, na zamani alikuwa anatoka mezani anaingia garini, akifika Khayega macho yanamtoka machozi ya usingizi. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwa damu bila hata kungoja insulini ifungue mlango, ndio maana kutembea kidogo baada ya kula kunasaidia. Kuna utafiti mdogo wa Australia wa 2012, watu 19 tu, waliinuka kutembea dakika mbili kila dakika 20 badala ya kukaa masaa matano, na sukari na insulini zao baada ya kinywaji zilipanda kidogo kuliko walipokaa tu. Kila dakika 20 dereva haezi, hiyo ni ya watu wa ofisi. Dakika tano baada ya ugali anaeza.

Cha nne ngazi. Anakaa ghorofa ya tatu, ngazi 54, alizihesabu mwenyewe. Wakanada walijaribu na vijana wasiofanya mazoezi, ngazi 60 mbio mara tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, wiki sita, na pumzi yao ikaongezeka, sio sana. Dere anapanda mara moja tu, usiku, amechoka. Mwezi wa nane alikuwa anapumzika ghorofa ya pili akijifanya anatafuta funguo. Usiku wa kwanza alipojaribu kupanda bila kusimama, keateka wa jengo alitoka na tochi akamuuliza kama amefuatwa na wezi.

Aibu ndio ilikuwa kubwa kuliko mgongo, na hii sikuitarajia. Mtu mzima, baba ya watu, anatembea haraka steji bila kuenda mahali! Siku mbili za kwanza waliuliza kama anatafuta choo. Suluhisho alilipata yeye: akachukua daftari la laini, lile la kuandika gari gani imeingia saa ngapi, akawa ndiye analipeleka kwa karani mwisho wa steji. Sasa ana sababu. Mtu aliye na daftari mkononi hakuna anayemuuliza kitu.

Matokeo, na hapa nataka niwe muangalifu. Mwezi wa kumi na moja presha ilikuwa 140/88 na ningependa sana kusema ni magunia. Lakini katikati hapo klinikal ofisa aligundua kwamba Dere alikuwa anaruka dawa ya presha aliyokuwa amepewa. Ile tembe moja ilikuwa inamkojoza, na dereva mwenye watu 14 haezi simamisha gari Majengo na Chavakali na Khayega kwa tripu moja, kwa hivyo alikuwa anaimeza Jumapili tu, na maji alikuwa hanywi hadi jioni. Akabadilishiwa. Basi dawa ilianza kumezwa wakati ule ule magunia yalianza kuinuliwa, na hakuna mtu anaeza kunitenganishia hapo nani alifanya nini. Dau langu, kubwa ni dawa. Ninachoeza kusimamia ni vitu vingine: kukaa na kusimama sekunde 30 zilitoka 11 zikafika 16, ngazi 54 anapanda akiongea na simu, na mgongo unauma siku mbili kwa wiki badala ya sita. Kilo ni 93. Kilo moja, miezi mitatu, na ile ugali haijapungua hata nusu ya sahani kwa hivyo nisishangae. Mshipi umerudi tundu moja.

Kisha Disemba ikaja ikanifundisha kitu.

Nilidhani Disemba itambomoa kabisa. Watu wanatoka Nairobi, wanashuka Kisumu na mabegi, kila mtu anaenda magharibi, gari inajaa dakika tano. Hakuna laini tena, gari ya nne ni ya kwanza kabla hujafunga kiatu. Ile ya kutembea na daftari ilikufa tarehe 15 na ugali ulianza kuliwa kwa usukani, kwa karatasi. Lakini mizigo ilikuwa mara tatu. Mabegi, magodoro, mashine ya kufulia moja, kuku wa kurudi nao. Alinionyesha hesabu, bado anaandika nyuma ya karatasi ya hospitali ila amebandika nyingine kwa selotepu, na tarehe 23 peke yake kulikuwa na vitu 41 na zamu yake ilikuwa 20. Januari ikageuka kinyume: shule zimefunguliwa, pesa imeisha, gari inangoja saa nzima, hakuna mzigo, lakini daftari lilitembea hadi karani akamwambia apunguze kulileta.

Mimi mwenyewe singeupanga hivyo, ilitokea tu, lakini ukiangalia ndio sababu mpango huu umeishi miezi sita na ule wa dakika 45 haukuishi siku moja. Kipande kimoja kinapata nafasi wakati kazi ni mbovu na kingine kinapata nafasi wakati kazi ni nzuri. Wale tunaoambia watu "amka lisaa limoja mapema" tunapanga siku moja ya kawaida ambayo hawa watu hawana. Na kumwambia mtu anayelala masaa tano aamke saa tisa akimbie barabarani gizani, samahani, huo ni ukatili una jina zuri.

Kuna mambo hayajaisha. Goti la kulia limeanza kulia akipiga magoti na mkungu wa ndizi, ndizi ni nzito vibaya na shina linateleza, kwa hivyo mikungu imerudi kwa makanga na Dere amebaki na omena na mabegi hadi niangalie hilo goti vizuri. Makanga naye hajafurahi. Alikuja na Dere wiki iliyopita, akakaa kwa benchi langu na patipati zake, akaniambia, "Omera, huyu mzee sai anapakia nusu, na pesa ya mzigo anataka nusu pia." Zamani kijana alikuwa anachukua thuluthi mbili. Nikamwangalia Dere, Dere akaangalia ukuta. Presha yake siku hiyo ilikuwa 138/86, tukaiandika, na hiyo ya pesa nikawaambia wakaongelee kwa gari.